Mibuyu Mitano kwa Siku

Mama yangu ana miaka 71, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kutembea pasipo kuwa na mahali pa kwenda. Ametembea sana kwa miguu: kutoka Majengo hadi Marikiti na kapu lake, kwenda mazikoni, kwenda arusini, kwenda kumjulia hali mgonjwa, lakini kila mwendo ulikuwa na shughuli mwisho wake. Kwa hiyo daktari alipompima presha, akalitazama na goti lake la kulia, kisha akamwambia atembee nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, Mama alimsikiliza kwa adabu, akashukuru, na tulipofika nje akaniuliza, "Nitembee nende kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Katika lugha yetu ya Mombasa, mtu akisema jana alitembea, huulizwa alitembea kwa nani. Kutembea kwa ajili ya kutembea ni jambo la watalii na wanajeshi. Isitoshe, mimi mwenyewe ni mhasibu, nakaa kitini tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na zoezi langu kubwa lilikuwa kupanda ngazi lifti inapoharibika. Nilimwambia Mama tu kwamba Jumamosi nitakuja kumchukua kwa tuktuk, twende Mama Ngina tukapunge upepo. Kupunga upepo ni shughuli inayoeleweka. Alikubali.

Bustani ya Mama Ngina iko kusini mwa kisiwa cha Mombasa, juu ya majabali ya matumbawe yanayotazama mlango wa bandari ya Kilindini. Zamani ilikuwa barabara ya kando ya bahari ambako watu waliegesha magari jioni, wakala mihogo wakitazama maji. Mwaka 2019 ilifanyiwa ukarabati mkubwa, na sherehe za Mashujaa za tarehe 20 Oktoba mwaka huo zilifanyika hapo hapo. Sasa kuna njia pana za kutembelea, viti, na ukuta mfupi unaomfaa mtu mwenye goti bovu. Kuhusu ukarabati wenyewe watu wana maoni yao, na mimi ninayo yangu, kwani naona saruji ni nyingi kuliko inavyohitajika. Lakini kwa mzee asiyetaka kutazama chini kila hatua, njia tambarare ni neema. Na mibuyu ya kale ingalipo.

Siku ya kwanza niliharibu kila kitu. Nilikuwa nimeweka kwenye simu programu ya kuhesabu hatua, nimejipangia hatua 4,000, na nikaanza kutembea kama mtu anayewahi feri. Nilipogeuka, Mama alikuwa nyuma sana, amekaa ukutani chini ya mbuyu wa tatu, champali amezivua na kuziweka kando yake kana kwamba amefika kwake. Nikatazama simu: dakika saba. Nikarudi, nikaanza kumweleza habari ya daktari na nusu saa, naye akaninyamazisha kwa mkono. "Wewe hesabu hatua zako. Mimi nitahesabu mibuyu. Leo ni mitatu."

Jumamosi iliyofuata ikawa mitano, na kwa muda mrefu ikabaki mitano. Nilijaribu kumsukuma afike wa sita nikashindwa, na sasa naona ilikuwa bora nishindwe, kwa sababu mpango wake ulikuwa na akili ambayo simu yangu haikuwa nayo. Mbuyu mmoja hadi mwingine ni mwendo ambao goti lake liliweza kuuahidi na kuutimiza. Chini ya kila mbuyu pana kivuli, hata kama ni chembamba wakati wa kiangazi matawi yakiwa matupu, na kwenye kivuli mtu hupumzika bila ya kuonekana ameshindwa. Aliijua mibuyu yenyewe kama mtu anavyojua nyumba za mtaani: huu wenye shimo ubavuni, huu uliochorwachorwa majina ya wapenzi hadi gome limefanya makovu, huu ulioinama kuelekea maji. Akifika kwa mmoja huugusa kwa kiganja, kisha hukaa. Mimi nilikuwa nikipita tu.

Jambo la pili tulilokosana ni chakula. Haiwezekani kutembea Mama Ngina usipite kwa wauza mihogo, viazi karai na achari ya maembe. Muuzaji huupasua muhogo uliochomwa, akaukamulia ndimu, akaupaka pilipili na chumvi kwa kipande hicho hicho cha ndimu, na harufu yake hufika kabla hujamwona mwenyewe. Mama alikuwa ameshaambiwa apunguze chumvi. Kumshawishi mtu wa Mombasa kwamba muhogo usio na chumvi ni chakula ni kazi ngumu kuliko kumtembeza. Tukapatana mwishowe kwamba muhogo utaliwa kwa ndimu na pilipili peke yake, na kwamba siku ya kuvuka mibuyu minane patakuwa na dafu. Alivuka minane baada ya wiki kumi hivi.

Ilikuwa kwenye mbuyu wa nane tulipoiona meli ya makontena ikiingia. Mlango wa Kilindini ni mwembamba, na meli hupita karibu na majabali kiasi kwamba unaona mabaharia wameegemea vyuma, na mtu mwenye macho mazuri husoma jina la bandari ya nyumbani kwake. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini kwa miaka mingi, na nyumbani hapakukosekana hadithi za meli. Mama akaniambia kwamba zote alizisikia, lakini hakuwahi hata siku moja kusimama akaitazama meli ikiingia tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu siku zote kulikuwa na kitu jikoni. Tulisimama hadi ikapita upande wa Likoni, ambako feri zilikuwa zimesubiri kwa pembeni, na siku hiyo sikuthubutu kutazama saa.

Baada ya miezi mitatu nikajiona nimekuwa mtaalamu, na mtu akishajiona hivyo ndipo anapompeleka mamake mahali asipopajua vizuri. Nilitaka tubadilishe mandhari, twende pwani ya kaskazini, tutembee mchangani kutoka Nyali kuelekea Bamburi. Nilimnunulia raba. Alizivaa akiwa amevaa buibui, akajitazama kwenye kioo, akasema mtaani watamwona mwehu, na kweli jirani mmoja alimwuliza kibarazani, "Bi mkubwa, wenda wapi na viatu vya mpira?" Akajibu kwamba anakwenda kwa daktari.

Kuhusu mchanga, niseme machache niliyoyajua kwa miguu. Mchanga mkavu wa juu, karibu na minazi, unavutia macho lakini unachosha. Kila hatua unazama, na goti hulipa gharama. Mchanga mzuri ni ule uliotoka kuachwa na maji, mgumu na tambarare, ambao nyayo huacha alama bila ya kuzama. Ufuo ukiwa na mteremko, mguu mmoja unakuwa juu na mwingine chini, na nyonga itakuambia usiku; ni vizuri basi kusubiri maji yapwe sana, mpaka ile sehemu ya chini iliyonyooka ionekane. Upepo nao una hesabu yake. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, upepo hutoka kusini, na ukianza safari kuelekea Bamburi unasukumwa mgongoni, unaona mwepesi kama kijana, mpaka wakati wa kurudi. Anza na upepo usoni, ukiwa na nguvu. Mama aliniambia hayo baadaye. Siku ile hakuniambia, kwa sababu sikumwuliza.

Ilikuwa Jumapili, siku ya tatu ya mwezi mwandamo. Tulishuka ufukweni kabla ya saa tisa alasiri, na mchanga ulikuwepo wa kutosha, upana wa barabara nzuri. Tulitembea pole pole kwa dakika arobaini na kitu. Visagaunga, wale kaa wadogo wa mchangani, walikuwa wakitukimbia mbele, wanajitosa mashimoni kisha wanatoa macho, na Mama alicheka jinsi nilivyokuwa nimesahau jina lao. Tukakutana na ngamia aliyevishwa shanga na mwenyewe akimwongoza kwa kamba, tukamsalimu mwenye ngamia. Tulipokaribia ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao sisi sote tunauita Pirates, umati wa Jumapili ulikuwa umejaa tele, watoto na matyubu meusi ya magari, na tukakaa kunywa madafu. Mama alitazama maji, akasema, "Yanajaa haya." Nikamjibu kwamba tuna muda.

Tuligeuka saa kumi na dakika kumi hivi. Baada ya robo saa niliona kwamba ule mchanga uliokuwa na upana wa barabara umekuwa na upana wa kichochoro, na mbele yetu kulikuwa na ukuta mrefu wa mawe, ukuta wa jumba la mtu, ambao mguu wake tayari ulikuwa majini. Kwenye sehemu kubwa ya ufuo ule viwanja vimeshuka hadi ukingo wa bahari, na njia za umma za kutokea barabarani ni chache na zimeachana. Njia tuliyoipita mwisho ilikuwa nyuma yetu kwa mbali. Mbele, baada ya ukuta, nilikumbuka kuna nyingine. Nilikata shauri tusonge mbele, na hilo ndilo kosa langu lenyewe. Kosa la kuchelewa ningelisamehe, lakini kusonga mbele nikiwa na mzee, kwa kukumbuka tu, silisamehi.

Maji yalitufika vifundoni, kisha magotini. Hayakuwa maji ya kuzamisha mtu, lakini wimbi likigonga ukuta hurudi, na lile linalorudi ndilo linalong'oa miguu. Mama alikuwa ameshakusanya buibui akalifunga kiunoni, akaweka kiganja chake cha kushoto ukutani, kama alivyozoea kuigusa mibuyu, na mkono wa kulia ameushika mkono wangu kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Chini kulikuwa na vipande vya jabali, na nilishukuru kwa zile raba. Kijana mmoja wa mashua za watalii, ambaye alikuwa akiivuta mashua yake karibu na ufuo, alituona, akaja kwa maji ya kiuno, akasimama upande wa bahari ili mawimbi yampige yeye kwanza, akatuvusha hatua kwa hatua hadi kwenye uchochoro. Hakutaka fedha. Alimwambia Mama, "Mama, siku za bamvua hazichezewi," kisha akanitazama mimi.

Nyumbani Mama alizianika raba dirishani, akaoga, akanywa chai, halafu akanieleza jambo ambalo babake, aliyekuwa mvuvi, alimfundisha akiwa msichana, na ambalo mimi mwenye shahada sikuwahi kumwuliza. Bahari ya kwetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika hamsini. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita tatu, na siku hizo hapa Mombasa yanajaa kiasi cha saa kumi na kupwa kiasi cha saa nne. Kwenye nusu ya mwezi, siku ya saba na ya ishirini na mbili kwa makadirio, ni maji mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana, na saa zake huwa zimegeuka, yakawa yanajaa karibu na saa nne hadi saa tano asubuhi. Kwa hiyo anayejua leo ni siku ya ngapi ya mwezi anaweza kukadiria hali ya ufuo akiwa bado kitandani. Siku ya tatu ya mwezi, alisema, maji hujaa karibu na saa kumi na mbili jioni, na mtu anayegeuka saa kumi, akiwa na nusu saa nzima ya mwendo mbele yake, anatembea kuelekea majini. "Mbona hukuniambia?" nilimwuliza. "Nilikwambia yanajaa," alijibu. "Ukasema tuna muda."

Siku hizi zipo jedwali za maji kwenye simu, na nazitazama, kwa sababu hesabu ya mwezi ni ya kukadiria na jedwali ni la dakika. Lakini natazama kwanza tarehe ya mwezi, halafu nampigia Mama, na simu inakuja ya tatu. Kanuni tuliyoifuata tangu wakati ule ni kushuka ufukweni maji yakiwa yanapwa, kamwe yasiwe yanajaa. Siku za bamvua hiyo ni kuanzia saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Tunatembea kwa muda wa saa moja na mchanga unazidi kupanuka nyuma yetu.

Siku ambazo bahari haifai, tunakwenda Haller Park, kando ya barabara ya Malindi pale Bamburi. Kwa mtu mwenye goti naisifu kuliko pwani zote, maana njia zake ni za chini, hazina mteremko wa kutisha, na karibu zote ziko kivulini. Sehemu hiyo yote ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, yaliyoanza kuchimbwa mwaka 1954, na machimbo yalipoachwa yalibaki jangwa jeupe la matumbawe, lenye maji ya chumvi chini kidogo tu na joto la kuungua. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu kutoka Uswisi, alianza kujaribu miti: alipanda aina 26, zikashika tatu tu, na kati ya hizo ni mvinje uliofanya msitu.

Mama hakuvutiwa na twiga, ingawa aliwalisha na kuukunja uso ulimi wao ulipomgusa kiganja. Kilichomsimamisha ni jongoo. Majani ya mvinje, yale membamba kama sindano, yalikuwa yakidondoka na kurundikana bila ya kuoza, kwa sababu yana ukakasi ambao vijidudu havikuuweza, na bila ya kuoza pasingepatikana udongo. Wakaletwa majongoo wakubwa wenye miguu myekundu, nao wakayatafuna, na mavi yao ndiyo yaliyoanza kuwa udongo ambao miti mingine ilioteshwa. Mama aliinama, goti likalia, akaokota fimbo akamgeuza jongoo mmoja pembeni mwa njia, jongoo akajikunja duara. "Huyu," alisema, "ndiye aliyeifanya kazi yote hii?" Nikasema ndiye, pamoja na wenziwe. Akamrudisha chini ya majani kwa uangalifu mkubwa, na kila mara tukienda sasa hutazama chini kuliko juu, jambo ambalo si baya kwa mtu anayeogopa kujikwaa.

Hapo ndipo alipoletwa yule mtoto wa kiboko, Owen, aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akashikamana na kobe mkubwa aliyeitwa Mzee na kuwa hamwachi. Nilimsimulia Mama nikidhani itamgusa. Aliuliza kama kobe aliulizwa. Tumbili nao, niwatahadharishe wenye kubeba mikoba wazi: mmoja alichukua kaimati zetu zote, mfuko na karatasi. Sehemu nyingine ni Nguuni, si mbali na hapo, uwanda wa nyasi na mikoma ambako wanapatikana mbuni na pofu; ni pazuri jua linapotua, lakini viti ni haba na kivuli ni kidogo, kwa hiyo tumekwenda mara mbili tu.

Presha yake imeshuka, daktari amefurahi, ingawa dawa anaendelea nazo na goti bado linamlaza mapema siku za mvua. Kule Mama Ngina, Mama amefika mbuyu wa kumi na moja. Kibarazani bado wanamwuliza aendako, na majibu yake yamekuwa yakibadilika. Nilimsikia wiki iliyopita akisema, "Nenda kutazama meli," na aliyeuliza akasogea kidogo, akauliza kama tuktuk ina nafasi.

Jumapili hii itakuwa siku ya tisa ya mwezi. Maji yatajaa karibu na saa tano, mchanga utakuwa unapungua asubuhi nzima, na Mama ameshapiga simu kusema nisijisumbue na Nyali: twende kwa majongoo, nije saa mbili, na kaimati safari hii zifungwe kwenye mkebe.